Mzani Umegoma, Dada

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe na shemeji na watoto. Hamjambo? Goti la shemeji linaendeleaje, na yule kitinda mimba ameacha kunyonya kidole au bado anakitafuna mpaka kinakunjamana? Sisi huku tunapumua. Baba anakula, analala, anagombana na redio. Karakana ya makochi inaenda. Fundi wetu Gundi naye yupo, bado anapigilia misumari huku anaimba vibaya, na ameniambia nisithubutu kufunga bahasha bila kukufikishia salamu zake. Basi zimefika.

Najua umeshangaa kupata barua, maana umezoea simu zetu za Jumapili. Lakini simu hizo naziweka sauti ya juu pale kitandani ili Baba naye asikie, na haya ninayotaka kukueleza hayasemeki Baba akiwa anasikiliza. Halafu wewe nakujua, Dada. Kabla sijafika katikati ungekuwa umeshanikatiza, ungelia au ungefoka, mimi ningekata simu, na mambo yangeishia hapo. Kwa hiyo kaa kitako mahali ambapo watoto hawatakusumbua, usome mpaka mwisho, halafu ndiyo uamue kunikasirikia.

Uliniuliza Jumapili iliyopita, na ile ya kabla yake, mbona uzito wangu umesimama tena. Uliuliza kama natembea, kama nanyanyua vile vyuma vyangu, kama nakula nilivyoelekezwa. Nikakujibu kwamba mzani umegoma, basi, mwili una mambo yake, nikabadili maneno nikakuuliza habari za mvua. Uliguna. Guno lako nalijua tangu tukiwa wadogo, ni la mtu anayejua anadanganywa ila bado anakupa nafasi. Leo naitumia hiyo nafasi.

Nianze na Baba, maana bila yeye hutaelewa chochote. Unajua kwamba anasahau. Ninachokuficha siku zote hizi ni kwamba amenisahau mimi. Wewe akisikia sauti yako kwenye simu anafurahi, anakuita Dada Mkubwa, anakuuliza watoto. Gundi anamjua na anamtania. Hata mwanamke anayetuletea maziwa anamjua kwa jina la utani. Mimi ninayemwogesha, ninayemvalisha, ninayempiga mswaki, mimi ndiye mgeni katika nyumba hii.

Macho yake yameshaingia ukungu, anaona vivuli na maumbo tu, na daktari amesema kwa hali yake hawezi kupasuliwa. Basi mimi alikuwa ananijua kwa umbo. Ananijua kwa kishindo, kwa jinsi mlango unavyojaa nikiingia, kwa jinsi kochi linavyozama nikikaa na yeye anavyoteleza kuja upande wangu. Tangu nikiwa mtoto utani wetu ulikuwa huo. Nikikaa tu anajifanya amerushwa hewani, anapiga kelele kwamba Kibonge wake amevunja spring zake mpya. Hilo jina wewe lilikuwa linakuudhi kwa niaba yangu, ukisema ndilo limenifanya nisijali mwili wangu. Mimi sikuwahi kulichukia. Shuleni waliniita hivyo kwa ubaya, nyumbani Baba aliniita hivyo kwa kujivunia, na la nyumbani ndilo nililolishika.

Sitaki ufikiri nimesahau kwa nini tulifanya ule upasuaji. Mama alitufia akiwa amekaa, kwa sababu akilala pumzi zilikuwa hazitoshi. Mwili wake nilirithi mimi, wewe ulichukua wa kina shangazi. Siku ya mazishi ulinishika mkono ukaniambia hutanizika na mimi. Wewe ndiye uliyetafuta hospitali, ukanipeleka, ukalala kwenye kiti cha plastiki pembeni ya kitanda changu mpaka shingo ikapinda, na waliponipunguza tumbo wewe ndiye uliyeninywesha maji kwa kijiko. Yote hayo ninayo moyoni. Ndiyo maana barua hii naiandika, naichana, naiandika tena.

Miezi ile ya mwanzo, unakumbuka, kilo zilikuwa zinaanguka zenyewe. Mimi nakunywa supu yangu polepole, sina kingine ninachofanya, na kila nikivaa gauni nalikuta limezidi kunipwaya. Gundi akawa ananiambia siku za upepo nijifunge jiwe. Nilipanda ngazi za kliniki bila kushika ukuta. Nikainama nikafunga kamba za viatu vyangu mwenyewe, nikakaa palepale chini nikalia kwa furaha. Sukari ikashuka mpaka daktari akanipunguzia dawa. Nikasema, kumbe hivi ndivyo watu wanavyoishi!

Halafu mzani ukagoma. Mara ile ya kwanza uligoma wenyewe, haki ya Mungu. Nilikuwa nafanya kila kitu sawasawa na haukusogea. Nikapanda asubuhi, nikapanda jioni, nikapanda nimevua hadi hereni. Wapi! Nikaingiwa na hofu kwamba tumbo limeanza kutanuka na mateso yote yalikuwa bure. Nikafanya ujinga: chakula changu ambacho tayari kilikuwa cha ndege nikakipunguza, na kutembea nikakuongeza. Natoka alfajiri nazunguka uwanja wa shule, narudi nashika kazi, jioni nazunguka tena. Siku moja tulikuwa tunatoa kochi la watu watatu mlangoni, Gundi ameshika upande ule na mimi upande huu, mara nikaona giza. Nilipozinduka nimelazwa juu ya hilo hilo kochi, Gundi ananipepea kwa kipande cha plaiwudi, uso umempauka, anasema kama nina mpango wa kufa nishuke kwanza, kitambaa cha watu ni cheupe.

Kliniki nilikuta wenyewe wananisubiri. Yule mtaalamu wa lishe, wagonjwa wake tunamwita Mama Sahani kwa sababu haachi kutuonyesha kile kisahani chake kidogo cha bluu, alinifokea mbele ya watu. Alisema mwili ukiona njaa unabana, haukupi kitu, na kwamba hata kile nilichokuwa napunguza kilikuwa ni misuli, mafuta yamekaa palepale yananicheka. Akanipanga upya. Yai au samaki au maharage kwanza, mboga baadaye, mkate au wali mwisho kabisa kama bado kuna nafasi. Maji kwa funda ndogo ndogo, si wakati wa kula. Kutembea kupungue, badala yake ninyanyue vitu vizito kwa mpangilio, ili misuli irudi, maana misuli ndiyo inayochoma. Nikamjibu kwamba mimi kazi yangu ni kunyanyua makochi. Akasema kubeba kochi kwa haraka huku umebana pumzi hakuitwi mazoezi, kunaitwa kutafuta ngiri. Akanisisitizia pia kulala, na kutokuwa na papara, kwamba uzito kusimama ni jambo la kawaida kwa watu kama sisi, linamfika kila mtu.

Nilimtii. Gundi akanichomelea vyuma viwili vya kunyanyua kutokana na mabaki ya fremu, vibaya kwa sura lakini vinafanya kazi. Nikala yai langu, nikanyanyua vyuma vyangu, nikatembea kwa kiasi. Na mzani, Dada, ukaanza kusogea tena, taratibu, kwa adabu. Wewe mwenyewe ulipiga kelele za furaha kwenye simu mpaka Baba akauliza nani amejifungua.

Hapo ndipo aliponipoteza. Ile miezi ambayo uzito ulikuwa umesimama, alikuwa amenizoea pale nilipofikia. Siku mbaya alinitazama kwa muda mrefu, lakini akishanishika mkono anasema, ni wewe, unaumwa nini, mbona umepungua, namwambia siumwi, na yanaishia hapo. Uzito uliposogea na mkono ukapungua. Asubuhi moja niliingia na beseni la maji ya moto kama siku zote. Akaniuliza mimi ni nani, na nani amenifungulia mlango.

Nikamwambia ni mimi, Kibonge wake. Akasema Kibonge anamjua vizuri sana, amemfundisha kazi kwa mikono yake, na kwamba mimi niache kuiga sauti ya mtoto wa watu. Alisema sauti nimeiiba. Alimwita Gundi aje anitoe nje. Gundi alikuja mbio, akasimama pale mlangoni na nyundo mkononi hajui amtoe nani. Nilimwogesha Baba siku ile amefumba macho, amekaza mikono, anavumilia kuguswa na mtu asiyemtaka. Mimi mwanaye. Niliumia, Dada, na sina neno la kulipambia hilo.

Nilidhani kesho yake yatapita. Hayakupita. Nilimwonyesha kovu langu la mkasi kidoleni, nikamwimbia wimbo wa Mama, nikamtajia majina ya wateja wa zamani. Alisema mtu akitaka kumdanganya mzee hujifunza yote hayo. Akawa anakaa kwenye kiti chake ameelekea mlangoni, anamsubiri Kibonge. Kila nikipita ananiuliza mimi, yule mwembamba, kama Kibonge amesharudi. Mwanzoni nilibishana naye. Baadaye nikawa namjibu kwamba bado.

Siku nyingine nikamkuta analia. Nikamuuliza nini. Akanijibu kwamba binti yake amekufa kama alivyokufa mama yake, na watu wa nyumba hii wanamficha kwa kuwa yeye ni mzee. Hebu fikiria, Dada. Nimesimama mbele yake mzima, napumua, sukari imeshuka, nimefanyiwa yote hayo ili nisife, na baba yangu ananililia msiba. Nilitoka nikaenda kukaa karakana. Gundi aliona sura yangu, akazima mashine.

Sasa nakuja kwenye lile lenyewe, na nakuomba uvumilie. Mara ya pili mzani haukugoma. Niliushikilia mimi. Nilianza kula kwa makusudi, ili nirudi. Nilipanga nirudi kidogo tu, nirudi mpaka pale ambapo Baba alikuwa akinishika mkono ananijua, nisimame hapo hapo, nisishuke wala nisipande. Niliona ni hesabu rahisi. Lakini tumbo lenyewe ndilo hili mlilonipunguza, chakula cha kueleweka halipokei. Nikagundua kwamba vitu vitamu na vya majimaji vinapita. Maziwa yenye sukari nyingi, biskuti zilizolowekwa, karanga za kusagwa kwa kijiko. Nakula jikoni nimesimama, mlango nimeurudishia. Baada ya muda mfupi moyo unaanza kwenda mbio, jasho linanitoka, nalala sakafuni mpaka utulie, halafu naamka naendelea na kazi. Vyuma vya Gundi nimevisukuma chini ya meza. Kliniki nikiulizwa nasema nakula nilivyoelekezwa, na Mama Sahani ananitazama, anageuza kisahani chake, anasema mwili wangu ni wa ajabu. Na wewe nakwambia mzani umegoma.

Sukari imerudi. Naiandika hapa ili usije ukaisikia kwa mtu mwingine. Daktari ameongeza dawa, na vidole vya miguu vimeanza kufa ganzi tena. Najua unachofikiri sasa hivi. Nami nilikifikiri kila siku, na kila siku nilirudi jikoni.

Halafu nikaona hata hivyo haitoshi. Mwili unarudi polepole na Baba anaondoka haraka. Basi nikafanya kitu ambacho fundi makochi tu ndiye angekifanya. Nilikata sponji, Dada. Nilichukua gauni langu la zamani, lile la maua makubwa ulilosema linanifanya nionekane pazia, nikalishonea sponji kwa ndani, tumboni, nyongani, mabegani, mikono nayo nikaizungushia ile nyembamba. Nilishona vizuri kuliko ninavyomshonea mteja yeyote. Mchana, saa ambazo Gundi huenda kula, nikalivaa, nikavuta mapazia chumbani kwa Baba, nikaingia nakanyaga kwa nguvu, nikajitupa kwenye kochi pembeni yake.

Akageuka. Akasema nimechelewa. Akasema chakula kimepoa, na nilikuwa wapi muda wote huo bila kuaga, hivi siku hizi nimekuwa mtu wa kuzurura. Akanifokea, Dada, kanifokea kama zamani, na katikati ya kufoka akanikumbatia. Alilia kwenye bega langu, na mimi kwenye lake. Nilikaa pale nimeloa jasho ndani ya sponji na sikutaka kutoka. Kama ungeingia wakati ule ungecheka mpaka ukae chini, na pengine mimi pia ningecheka. Lakini alikuwa baba yangu na alikuwa ananijua.

Tangu siku hiyo nikawa watu wawili. Asubuhi ni yule mwembamba, anamwogesha, anamvalisha, anasukumwa mkono. Mchana ni Kibonge, anapiga naye soga. Na Kibonge ndiye anayepewa mashtaka yote ya yule mwembamba. Kwamba mikono yake ni ya baridi. Kwamba amevaa hereni za Kibonge. Kwamba anajifanya anajua mambo ya nyumba. Baba alinituma zaidi ya mara moja nimfukuze, na mimi nikaahidi nitaongea naye. Nilikuwa nikicheka kwenye sponji yangu, halafu nikitoka nalia. Gundi nadhani alijua. Aliniuliza siku moja mbona sponji ile nzito inaisha na hatujapata kazi, nikamwambia panya. Akasema panya wa siku hizi wana mshono mzuri.

Siku chache zilizopita nilikuwa nimekaa na Baba hivyo hivyo, mapazia yamevutwa. Alikuwa mtulivu siku ile. Mara akaweka mkono kwenye paja langu, akabonyeza kwa kidole gumba, akaachia, akasubiri. Unakijua kile kidole. Ndivyo alivyokuwa akipima sponji dukani, anabonyeza anasikiliza inavyorudi, na wauzaji wote walikuwa wanamwogopa. Nikaganda. Akasema, kwa ile sauti yake ya kazini, kwamba hii ni nzuri, ni ile nzito, haitabonyea. Kisha akaendelea kuniita Kibonge kama kawaida. Mpaka leo sijui kama alinikamata, au akili ilikuwa imemrudisha tu karakana. Sikuuliza.

Ndipo akaniambia kwamba ana neno juu ya yule mwembamba. Nikajua ananituma tena nimfukuze, nikaanza kumwambia nitaongea naye. Akasema hapana. Akasema nisimfukuze. Alisema amekuwa akimsikiliza, maana macho hayapo lakini masikio yapo, na yule mwanamke hana mtu. Alisema analia wakati anamvalisha soksi, anadhani yeye hasikii. Alisema anakwenda jikoni anarudishia mlango anakula biskuti kwa kujificha, karatasi anazisikia, halafu anaanguka sakafuni, na anasikia anavyohema pale chini peke yake. Akaniuliza mimi, binti yake, ni nani katika nyumba hii anamnyima yule mtu chakula mpaka ale kama mwizi. Akasema Mama angekuwa hai hilo lisingetokea. Akanishika mkono wa sponji akaniambia nimwambie aje ale mezani, mbele ya watu, ale chakula cha kweli, na nimfanye mdogo wangu, kwa kuwa wa kwake huenda walishakufa.

Niliitikia kwa kichwa, na yeye haoni kichwa, akarudia kuniuliza kama nimesikia. Nikasema nimesikia, Baba.

Nilitoka nikalivua lile gauni. Nikaosha uso, nikachemsha yai, nikatoa mboga na kipande cha samaki, nikaweka kwenye sahani ndogo. Nikaingia kwa miguu yangu hii hii, nikafungua mapazia, nikakaa mezani karibu naye. Akauliza ni nani. Nikasema ni mimi, nimeambiwa nije nile hapa. Akasema karibu, mgeni, hapa hakuna wa kukufukuza. Nikala, polepole, nikitafuna kila tonge, na yeye akawa ananisikiliza nikitafuna mpaka nilipomaliza, halafu akaniuliza kama nimeshiba. Nilimwambia nimeshiba. Tangu siku hiyo hajausukuma tena mkono wangu.

Kwa hiyo nimeacha, Dada. Jikoni mlango nauacha wazi. Vyuma nimevitoa chini ya meza, na Mama Sahani nilimweleza yote, nikategemea atanitukana, badala yake akaniandalia chai isiyo na sukari akanishika bega. Ameniambia sukari inaweza kushuka tena nikiwa mkweli, na uzito nisiuangalie kwa sasa, niangalie sahani tu. Lile gauni nimelifumua. Sponji Gundi ameikata ikaingia kwenye stuli za mteja, na safari hii hakutaja panya.

Lakini maana yake umeielewa. Mimi Baba hatanijua tena. Nikishuka zaidi nitazidi kuwa mgeni, na nimekubali, kwa kuwa Mama alikufa amekaa na wewe ulilala kwenye kiti. Ila yeye hajaacha kumsubiri. Siku ya pili tu aliniuliza, mimi mgeni wake, Kibonge kaenda wapi. Sikuwa na moyo wa kusema amekufa, wala sikuweza kusema ni mimi. Nikamwambia amesafiri, ameenda kwako kukusaidia na watoto, atakaa huko. Akafurahi. Akasema ni vizuri, ndugu wawe pamoja, na huko atakula vizuri.

Hilo ndilo ninalokuomba, na ndiyo sababu kubwa ya barua hii. Jumapili utakapopiga simu atakuuliza habari zangu. Mwambie nipo hapo kwako. Mwambie nimetoka kidogo, au nimelala, au niko bafuni, utakavyoona. Mwambie mimi ni mzima na bado mnene. Najua hupendi uongo, lakini huu nibebee, maana huku kwangu mwenyewe siwezi kuusema vizuri. Akikuuliza kama nimevunja makochi yako, cheka, mwambie yote.

Jioni kabla hajalala hunipa salamu za kumpelekea binti yake, kama kuna mtu anayekuja huko kwenu. Jana aliniambia nimfikishie Kibonge kwamba yule mwembamba aliyemwachia ni mtu mzuri, anamtunza, asiwe na wasiwasi, aendelee kukaa na dada yake. Nikamwambia zitafika. Nikamfunika, nikazima taa.

Nisalimie shemeji, mwambie goti alipashe moto na aache ubishi. Wabusu watoto, na yule wa kidole umwambie mama yake mdogo amemkumbuka. Baba anakusalimu, Gundi anakusalimu kwa mara ya pili. Usinijibu kwa hasira, na kama ni kwa hasira basi nijibu hivyo hivyo, nitakuwa nimekusikia. Nakupenda, Dada yangu, na asante kwa kile kiti.

Ni mimi mdogo wako,
ambaye Baba anajua niko huko kwako.